Nguo za kuchaguliwa mtandaoni: Miezi mitatu ya mama wa Mafiga

Ujumbe wa WhatsApp uliingia saa 12 jioni: mzigo umepanda basi, ufuatwe Msamvu. Mama wa watoto watatu, mkazi wa Mafiga katika Manispaa ya Morogoro, alimtuma bodaboda kwa Sh2,000. Usiku, watoto walipolala, akakata seloteipu na kufungua boksi. Ndani mlikuwa na gauni la kazini, blauzi mbili na sketi ya kijani. Hakuna hata moja aliyoichagua yeye, na hiyo ndiyo huduma aliyoilipia.

Mwenye duka yuko Kariakoo na hutangaza Instagram. Mteja analipa Sh40,000 kila mwezi, anajaza saizi yake na rangi anazopenda, anatuma picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni, kisha anasubiri. Mama huyu, mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, alijiunga Novemba. Jumamosi yake ni ya kufua, Jumapili ni ya kanisani, na akipita Soko la Mafiga fedha huishia kwenye nyanya na dagaa. Alikuwa amechoka kuvaa gauni lilelile Jumatatu na Alhamisi, na amechoka zaidi kuona wenzake ofisini wameliona.

Mzigo wa kwanza ulimfurahisha. Gauni lilikuwa pana, la kufunga kamba kiunoni, na sketi ya kijani asingeishika hata sokoni kwa kudhani rangi hiyo si yake. Bintiye mkubwa alimwambia amependeza. Mama wa watoto watatu hasikii neno hilo kila wiki.

Wazo lenyewe halikuanzia Kariakoo. Marekani, kampuni ya Stitch Fix ilianzishwa na Katrina Lake mwaka 2011. Mteja hujaza fomu, mchaguaji wa kampuni humtumia nguo kadhaa, naye huzijaribu nyumbani mbele ya kioo chake. Anazozipenda analipia, asizozitaka anazirudisha kwa mfuko wa posta ambao kampuni imeshaulipia. Ada ya kuchaguliwa ni dola 20, na hukatwa kwenye bei akinunua. Hata kwa utaratibu huo mambo si mepesi: kampuni hiyo iliingia Uingereza mwaka 2019 na kufunga shughuli zake huko mwaka 2023.

Tazama vizuri mahali fedha zinapotoka. Kule mteja hujaribu kwanza, hulipa baadaye, na kurudisha hakumgharimu. Huduma aliyojiunga nayo mama wa Mafiga imechukua fomu, picha na boksi, lakini imeacha sehemu ya kurudisha. Nyumba nyingi za mjini zimepata namba tangu kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022, ila mzigo bado unashuka stendi, na wa kurudi Dar es Salaam unapandishwa basi kwa fedha ya mteja.

Hilo alilijua Desemba.

Mzigo wa pili ulikuwa na gauni la bluu lililomng'ang'ania nyonga na kugoma kushuka, pamoja na blauzi mbili zilizombana kifua. Alituma picha na kuomba arudishiwe fedha. Akajibiwa kwa adabu, kwa “dada yangu” na “samahani sana”, kwamba fedha hairudishwi. Anaweza kubadilishiwa mwezi ujao, nauli ya basi ikiwa juu yake. Alirudi kusoma maelezo ya duka tangu mwanzo. Hayakuwa yamesema chochote kuhusu kurudisha, naye hakuwa ameuliza.

Kosa la saizi lilikuwa la wote wawili. Kwenye fomu alijaza 14, namba aliyoisoma kwenye lebo ya gauni lake la mtumba analolipenda. Gauni lile lilitoka Marekani. Muuzaji akachukua 14 ya Uingereza, ambayo kwa Marekani ni kama 10. Hapo mtu amepungua saizi mbili bila kufunga wala kukimbia mazoezi. Nguo kutoka China zina hesabu yake tena. XL ya huko inaweza kumkaa mtu wa M. Kwa hiyo anayeagiza nguo asiyoishika, ya kwake au ya mtoto, atume sentimita za kifua, kiuno, nyonga na urefu, na amwombe muuzaji aipime nguo yenyewe kwa futi ya fundi.

Kuhusu picha, mama huyo alisita, na alikuwa na haki ya kusita. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu aeleze anazitumia kwa lengo gani. Kwa nguo za watoto hakuna sababu ya kutuma picha ya mtoto kwa mtu usiyemjua, vipimo vinatosha. Na ukiletewa ujumbe wa ghafla kwamba fedha itumwe kwenye namba nyingine, mpigie muuzaji kwanza. Namba za matapeli huripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Kisha ikaja Januari. Mtoto wa kwanza amechaguliwa kidato cha kwanza. Ada katika shule za serikali imeondolewa tangu 2016, lakini sare, viatu, begi na madaftari ni vya mzazi. Siku hiyohiyo kwenye kundi la WhatsApp ukatolewa ukumbusho: asiyelipa mwezi huu anapoteza nafasi. Akalipa. Aliogopa kuipoteza nafasi ambayo Desemba ilikuwa imemuudhi, na wazazi wengi wanaocheza mchezo wa fedha wanaijua hofu hiyo.

Baba watoto aliona ujumbe wa malipo kwenye simu wakati akitafuta namba ya fundi viatu. Hakugomba. Aliuliza tu kama ile Sh40,000 ni ya mara moja au ni ya kila mwezi. Mama akanyamaza, akaenda kutazama chungu jikoni. Wiki iliyofuata mtoto alianza shule na viatu vya kaka wa jirani, vimewekewa karatasi vidoleni.

Mzigo wa tatu ulifika na ulikuwa mzuri, kwa sababu safari hii alituma sentimita. Februari hakulipa, akaaga kwenye kundi na kutoka.

Gauni la bluu alilipeleka kwa fundi cherehani karibu na soko. Pindo za ubavuni hazikuwa na akiba ya kitambaa, fundi akapachika vipande vya kitenge kila upande kwa Sh7,000. Kabla ya kukata alimpima upya na kuandika daftarini: kifua 106, kiuno 90, nyonga 112. Mama akaupiga picha ukurasa ule.

Picha hiyo aliituma kwa muuza mitumba wa Mafiga ambaye amenunua kwake kwa miaka, yule anayemwita “mama” na anayejua kwamba hapendi mikono mifupi. Sasa belo likifunguliwa, muuzaji anaweka pembeni mbili tatu na kumtumia picha. Jioni akitoka kazini anapitia hapo, anajaribu juu ya nguo alizovaa, analipa anayoitaka. Mwisho wa mwezi ule alichukua sketi moja ya Sh6,000. Blauzi mbili alizirudisha palepale, mezani.