Mashine Nayo Imeshika Handas

Saa kumi na mbili jioni, Muthara. Ukungu wa Nyambene umeanza kushuka, wasee wa nduthi wamepaki, na kwa base yetu hapo nyuma ya kinyozi stori imeshika moto. Veve iko kwa meza imetolewa jani, njugu ziko, Big G ziko. Chali mmoja wa boda anatushow ati kuna mashine inakam yenye itakuwa na akili kushinda binadamu wote wakiwekwa kapu moja. Itatibu kansa. Itaendesha nchi bila kumanga ganji ya mtu. Hakuna msee ataamka mangware kutafuta jobo, juu kila mwezi simu italia tu: umepokea. "Hata mheshimiwa hatutamhitaji," anadai. Base yote ikajibu amina.

Stori za jaba ndio hizo. Handas ikikushika, unajenga gorofa, unaoa binti ya gavana, unanunua ndege ya kupeleka mzigo Mogadishu, alafu asubuhi unapata bado uko na deni ya mbao kwa mama chapo. Lakini hii ya mashine si chali wa nduthi aliianzisha. 1965 kuna msomi wa hesabu wa Uingereza, I. J. Good, mwenye alifanya kazi na Alan Turing wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliandika ati siku tutaunda mashine yenye inatupita akili, hiyo itaunda ingine kali kuishinda, na hiyo ingine, hadi sisi hatutakuwa na haja ya kuvumbua kitu tena. Kuna kipande wasee huruka wakiipiga hii stori. Good aliweka sharti: bora hiyo mashine iwe mpole ya kutosha kutuambia venye tutaishika. Mimi huchekianga hilo sharti kuliko hizo ahadi zote.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimejaribu moja ya hizi mashine kwa simu. Nikaiandikia Kimeru, si cha kitabu, chenye mathe huongea huku Tigania. Ikanijibu na kiburi ya profesa: nusu Kikuyu, kidogo Kimeru cha Imenti, na neno moja yenye nilisomea mathe kwa sauti akasema hajawahi kuisikia tangu azaliwe. Haikusema haijui. Ilijaza tu. Na ukiangalia venye hizi vitu hufanya kazi, haishangazi: zimesoma milima ya maandishi, alafu zinakisia neno gani hufuata. Kizungu kiko milima. Kimeru tumeongea zaidi kuliko tumeandika, so ikifika kwetu inapapasa gizani na bado inatembea kaa imevaa suti. Hapo kwetu tuko na jina ya mtu wa hivyo, na huwa tunamnyang'anya jaba.

Kuna msee wa base hakuwa anacheka sana. Mangware yeye ni mtu wa kuchambua miraa: hii giza, hii alele, hii kangeta, hii ni takataka. Macho na vidole tu, na hakosei. Zinafungwa surba, surba zinafungwa bunda, jani la ndizi juu ndio isikauke, alafu Hilux inaingia barabara kaa imefukuzwa na karao. Usiku huyo msee anafungua laptopu ya mkono wa pili na anaanza kuchambua tena. Kwa hii picha kuna mtu. Kwa hii kuna lori. Hii ni taa ya barabara, hii ni mtoto amesukuma baiskeli. Anachora boksi moja moja, kona nne, isizidi isipungue, ndio gari ya kujiendesha huko majuu isigonge watu kwa barabara zenye hatawahi kanyaga. Nilimuuliza hiyo ya usiku inakuwanga aje. Akaniangalia kaa nimeuliza upuzi. "Si ni ileile, bro. Unachagua, unafunga, msee mwingine anaweka bei."

Kumbuka hiyo, juu hakuwa anaongelea Muthara pekee. Januari 2023 jarida la TIME lilifichua venye wafanyakazi wa kampuni ya Sama huko Nairobi walikuwa wamesomeshwa maandishi machafu, mauaji, ubakaji, dhuluma ya watoto, ndio ChatGPT ijue kitu gani haifai kutoka mdomoni mwake. Malipo ilikuwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Hiyo adabu yenye mashine iko nayo ukiongea nayo, kuna mtu alikosa usingizi Nairobi ndio ifunzwe. 1 Mei mwaka huohuo, Siku ya Wafanyakazi, zaidi ya wasee 150 wa hizi kazi wakakutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao. Machi 2024 nayo Remotasks, mtandao wa hizi kazi, ikafungia Wakenya mlango. Watu walikuwa wamelipa rent na hiyo doh.

Sasa turudi kwa ile doh ya kila mwezi yenye chali wa nduthi alituahidi. Julai 2023 wasee walipiga laini ndefu hapo KICC, wanasukumana. Unaangalia duara fulani ya kung'aa, kaa mpira wa chuma, inakusoma mboni ya jicho, alafu unapewa tokeni zenye ukiuza unashika kaa 7,000 hivi. Hiyo ilikuwa Worldcoin. Stori yao ilikuwa ati siku mashine zitajifanya watu, utahitaji kuthibitisha wewe ni mtu wa nyama na damu, na labda ndio njia watu watakuja kugawiwa matunda ya hizo mashine. Mmoja wa wenye waliianzisha ni Sam Altman, huyohuyo bosi wa OpenAI yenye ilileta ChatGPT. Yaani msee anauza kitu ya kufanana na mtu, na pia anauza kipimo ya kujua mtu. Hapa Muthara muuza miraa akianza kuuza dawa ya usingizi kwa meza hiyohiyo, tungemheshimu kwa akili ya biashara, lakini hatungemwachia mtoto. Serikali iliisimamisha 2 Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru hizo data za macho zifutwe.

Si ati naogopa pesa ya bure. Shirika la GiveDirectly wametumia watu wa vijiji kadhaa huko Siaya na Bomet kaa 2,250 kila mwezi, ahadi ya miaka 12, na wenye walifanya utafiti walipata watu hawakulala, kuna wenye waliacha vibarua wakafungua biashara yao. Sawa. Mimi nauliza ni nani ameshika swichi, na mtu wa Nyambene hahitaji kuelezwa swichi ni nini. 24 Juni 2014 Uingereza ilipiga miraa marufuku, na asubuhi yake watu huku walikuwa na mzigo hauna pa kwenda. Machi 2020 Somalia ikafungia miraa yetu mlango juu ya korona, na hiyo marufuku ikakaa hadi Julai 2022. Hiyo miaka miwili na kitu nimeona wanaume wakubwa wakikaa chini ya miti yao kaa wamefiwa. Mti haukuwa mgonjwa. Jani halikuwa baya. Mtu mbali alibonyeza kitu.

Mei 2023 mabosi wa OpenAI wenyewe waliandika ati mashine ikifika hiyo kiwango dunia itahitaji shirika la kuichunga, mfano wa lile la nyuklia. Yaani Njuri Ncheke, baraza letu la wazee wa Meru, lakini ya mashine. Na hiyo nayo tumeijaribu. 1956 Njuri Ncheke walipiga marufuku ukeketaji Meru. Kwa kitu chenyewe walikuwa na haki kabisa, hata leo nasema hivyo. Lakini kwa hicho kikao ilikuwa wanaume pekee. Wasichana wakanunua nyembe na wakaingia msituni wakakatana wenyewe, wakaitwa Ngaitana, na katika miaka iliyofuata zaidi ya watu 2,400 wakashtakiwa. Akili ilikuwa upande wa wazee. Lakini hakuna mtu aliwahi kuwauliza hao wasichana.

So chali wa nduthi akinishow mashine itaamua poa kutushinda, mimi namuuliza: na sisi tutakuwa tumekaa wapi ikiamua? Juu nimeona upande ule mwingine pia. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, kulikuwa na Finance Bill GPT, unauliza swali ya kawaida kuhusu ushuru wa mkate inakujibu bila lugha ya mawakili. Kwa base yetu tuliisoma na foni moja imepasuka kioo, kichwa sita juu yake, mtu anabishana na kila jibu. Tarehe 26, baada ya maandamano, Rais akatangaza hatasaini. Si mashine ilitoka barabarani, na wenye walitoka wengine hawakurudi nyumbani. Lakini hiyo siku mashine ilikuwa kwa mkono yetu.

Nilikuwa nimeanza kueleza haya yote nikapata chali wa nduthi ameshaita mteja wa Karama, amehepa na fainali ya stori yake. Giza imeingia kabisa. Simu ya msee wa kuchambua ikalia. Si umepokea, ni kazi imefunguka, picha 40, na wako wengi wanaoingojea dunia nzima. Akatema Big G, akafuta vidole na jani la ndizi, akaomba mtu amrushie bando ya finje.