Starlet ya nyumbani: Itengenezwe tena au iachwe iende?

Tarime. Katika Kata ya Kemambo, kwenye ukanda wa mgodi wa dhahabu wa North Mara, gari dogo la familia halihesabiwi kama chombo cha usafiri tu. Ni mtu wa nyumbani. Ndilo lililomtoa mama na kichanga hospitali, likabeba magunia ya mahindi wakati wa mavuno, likampeleka bibi kutibiwa Nyamwaga usiku wa manane. Watoto wanalitambua kwa mlio kabla halijakunja kona ya kuingilia nyumbani.

Ndiyo maana siku mtu anapotamka kwamba gari hilo libadilishwe, nyumba hugawanyika. Baba anasema bado linapiga kazi. Mama, ambaye mwezi uliopita lilimzimikia njiani akiwa na watoto, ana hesabu zake. Kijana wa sekondari anaona aibu kushushwa nalo getini. Na babu anauliza kwa nini ng'ombe wauzwe kwa ajili ya gari wakati gari lipo.

Italia nao wana mvutano kama huu, ila wao huuelekeza kwa Fiat Uno, kigari kilichoanza kuuzwa mwaka 1983 na kulea kizazi kizima cha familia za huko. Huku kwetu nafasi hiyo imeshikwa na Toyota Starlet, kisha mdogo wake Vitz, na baadaye IST. Toyota iliacha kutengeneza Starlet hiyo mwaka 1999, mwaka uleule Vitz ilipoingia sokoni. Maana yake, Starlet yoyote ya kizazi hicho inayopeleka watoto shule leo, iwe namba A au namba C, imeshavuka miaka 25. Jina Starlet limerudi miaka ya karibuni katika baadhi ya nchi za Afrika, lakini hilo ni gari jingine kabisa, linalotengenezwa India.

Mapenzi hayo yana sababu. Injini ya sentimita za ujazo 1,300 hainywi sana mafuta. Spea zinapatikana, na fundi wa chini ya mti ameshaifungua mara nyingi kiasi kwamba anaijua gizani. Kwa familia inayotegemea mshahara wa ualimu, duka au mapato ya uchimbaji mdogo, hayo si mambo madogo.

Tatizo ni kwamba mjadala wa nyumbani karibu siku zote huishia kwenye injini. Inakula oili? Inachemsha? Giaboksi inagoma? Ni maswali ya haki, lakini kwa mzazi yanakuja nafasi ya pili. Injini ikifa, familia inasimama kando ya barabara, inapiga simu, inachelewa. Breki, tairi au mkanda vikifa, habari ni nyingine.

Shirika la Afya Duniani (WHO) katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilieleza kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka mitano hadi 29. Shirika hilo linasema kufunga mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kufa kwa aliyemo ndani ya gari kwa hadi asilimia 50. Kwa mtoto mchanga aliyewekwa kwenye kiti chake maalumu, vifo hupungua kwa asilimia 71.

Kwa hiyo uamuzi wa kubaki na gari au kuachana nalo uanzie kiti cha nyuma.

Inua kava za viti

Magari mengi ya zamani yana mikanda ya nyuma, ila haionekani. Siku gari lilipovalishwa kava mpya, vifungio vilisukumwa chini ya kiti vikasahaulika humo pamoja na sarafu na maganda ya karanga. Inua kava, vitoe. Vuta mkanda kwa ghafla kama unavyovuta kamba ya mbuzi aliyegoma, unatakiwa kujibana. Usipojibana, au ukiwa umechanika pembeni, umekufa hata kama unaonekana mzuri. Mkanda unabadilishwa, na gharama yake haifiki popote karibu na bei ya gari.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa bila kifungu cha viti vya watoto kwenye magari, na wazazi wengi wamelichukulia jambo hilo hivyohivyo: mtoto hupakatwa. Gari likigonga kitu, mikono ya mama haiwezi kumzuia mtoto, hata awe mama mwenye nguvu za kutwanga mahindi tangu asubuhi. Mtoto mkubwa kidogo ambaye mkanda unamkata shingoni anahitaji kiti cha kumwinua, na ushauri wa WHO ni aendelee nacho hadi afike walau miaka 10 au urefu wa sentimita 135.

Kisha kuna eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari linapogonga. Starlet nyingi hazina, au ziliwahi kuwa nazo. Kwenye Vitz na IST, washa swichi bila kupiga stata na utazame dashibodi. Taa ya eabegi inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, inawezekana kuna mtu aliikata ili mnunuzi asiulize maswali.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana gereji. Eabegi zilizotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani ziligundulika kuwa kemikali yake ya kufumulia huharibika kwa joto, unyevu na umri, hadi ikilipuka inarusha vipande vya chuma kwa dereva. Mamilioni ya magari yaliitwa kurudishwa duniani kote, zikiwemo baadhi ya Corolla na Yaris, ambayo Japani iliitwa Vitz. Takata ilifilisika mwaka 2017, lakini baadhi ya magari yake bado yako barabarani. Mwenye gari anaweza kuuliza kwa namba ya chesisi kwa wakala wa Toyota.

Na kama gari lina eabegi ya abiria wa mbele inayofanya kazi, kiti cha kichanga kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele hata kidogo.

Moshi usionuka

Barabara ya Tarime kwenda Mugumu kupitia Nyamwaga na Nyamongo, pamoja na njia za vijijini zinazoingia humo, haina huruma na sehemu ya chini ya gari. Mawe hupiga ekzosi, matope hukaa kwenye vyuma, na baada ya miaka 20 na kitu sakafu huanza kuliwa na kutu. Familia huziba tundu kwa kapeti na maisha yanaendelea.

Hapo ndipo inapofaa kuwa makini. Ekzosi iliyotoboka ikikutana na sakafu iliyotoboka, hewa ya kaboni monoksaidi huingia ndani. Haina rangi wala harufu. Mtoto analalamika kichwa kinauma, anasikia kichefuchefu, analala. Wazazi wanasema ni uchovu wa safari au malaria imeanza. Dalili zinazotokea ndani ya gari na kupungua baada ya kushuka ni sababu ya kwenda kwa fundi wa ekzosi siku hiyohiyo. Zikiwa kali, au mtu akipoteza fahamu, mtoeni kwenye hewa safi na kumkimbiza hospitali.

Tairi nazo zina umri wake. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa limeshakauka. Likivuka miaka 10 liondoke, hata kama halijatumika. Mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka miwili kwa sababu hunyonya maji, na hili wengi hawalifanyi hadi pedali iguse chini.

Karibu vyote hivyo vinatengenezeka. Kisichotengenezeka kwa maana ya kweli ni kutu iliyoingia kwenye fremu, kwenye nguzo za milango na pale mikanda na shokomzoba zilipofungiwa. Mwambie fundi alinyanyue gari, agonge kwa bisibisi. Chuma kikimeguka kama biskuti, mjadala umeisha. Kulichomelea na kulipiga rangi ni kudanganya watoto. Vivyo hivyo kwa gari lililowahi kupinda kwa ajali likanyooshwa kwa kukisia.

Brazil iliwahi kufika kwenye uamuzi kama huo kama nchi. Uno ileile ya Kiitaliano ilikuwa ikitengenezwa huko kwa jina la Mille, ikapendwa kwa bei na uvumilivu wake. Kuanzia Januari 2014 sheria ikataka kila gari jipya liwe na eabegi na breki za ABS. Mille haikuweza kuvifungwa kwa gharama ya maana, na Desemba 2013 uzalishaji ukakoma. Kampuni ikaiaga kwa toleo la mwisho lililoitwa Grazie Mille, yaani asante sana.

Hesabu ya mezani

Kama chuma bado ni kizima, kaeni na kalamu. Fungueni jumbe za malipo kwenye simu, mjumlishe kila shilingi iliyokwenda kwa fundi na spea kwa miezi 12. Tuseme ni Sh1.5 milioni. Inauma, lakini ni Sh125,000 kwa mwezi. Sasa wekeni pembeni bei ya IST ya Sh13 milioni, kwa mfano, pamoja na riba kama ni mkopo. Magari mengi ya zamani yanashinda hesabu hii, na wazazi wengi wangefanya vizuri kuchukua sehemu ndogo tu ya fedha za gari jipya na kuzimaliza kwenye mikanda, tairi nne, breki na kiti cha mtoto.

Hesabu hubadilika pale gari linapoanza kuharibika bila taarifa na familia ina mtoto mwenye pumu, selimundu au ujauzito wa hatari. Gari la namna hiyo lisiwe tegemeo la pekee. Kwa mjamzito na mzazi aliyejifungua karibuni, pamoja na kichanga, kuna mfumo wa m-mama: piga 115 bure, na kama gari la wagonjwa haliko karibu hutumwa dereva wa jamii mwenye gari la kawaida. Andika namba hiyo ukutani, hata kama gari lako ni jipya.

Wanaoamua kuagiza wakumbuke kuwa wananunua uzee mwingine. Mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, gari dogo la umri wa kuanzia miaka minane hadi 10 huongezewa asilimia 15 ya uchakavu, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000 haina ushuru wa bidhaa. Ya hadi 2,000 ina asilimia tano. Kikokotoo cha TRA mtandaoni kinaonyesha jumla kabla hujatuma hata senti moja Japani, na thamani inayotumika ni ya TRA, si ya risiti ya muuzaji.

Kosa baya kuliko yote ni kuuza kwanza na kungoja. Meli inachelewa, fedha inapungua kwa ada za Januari, na kwa miezi sita watoto watatu wanapanda bodaboda moja bila kofia ngumu. Starlet ya miaka 25 yenye mikanda na breki nzima ni salama kuliko hiyo.

Zamu ya kuuza ikifika, mweleze mnunuzi kila kasoro, hasa kutu. Angalia kwenye mfumo wa polisi wa TMS kama kuna faini isiyolipwa, na msindikize mnunuzi TRA hadi kadi isomeke jina lake. Wapo wanaokabidhi funguo na kadi kwa kuaminiana, kisha makosa ya barabarani ya Sirari na Mwanza yanaendelea kuandikwa kwa jina la mwalimu aliyeko Kerende.