Kinyesi Kwanza, Dawa Baadaye

Kuku anayezubaa pembeni, mabawa yameshuka na manyoya yamesimama, anaonyesha jambo moja tu: anaumwa. Ugonjwa gani, hilo hajalionyesha bado. Huko Mawengi, kwenye milima ya Ludewa mkoani Njombe, kama vijijini kwingi, wengi hukimbilia unga wa antibiotiki dukani kabla hata ya kumshika kuku huyo. Ni haraka inayogharimu.

Mtenge kwanza, kisha tazama kinyesi. Chenye damu, hasa kwa vifaranga wanaolalia matandiko mabichi, huelekeza kwenye koksidiosi. Amproliamu kwenye maji ya kunywa husaidia, mradi banda likaushwe. Uso ukivimba na pua ikitoa makamasi yanayonuka, fikiria mafua ya kuku, ambayo antibiotiki huyatuliza. Vipele kwenye upanga na ndevu ni ndui.

Kinyesi cha kijani ndicho kinachotatanisha. Chaweza kuwa cha homa ya matumbo, inayoletwa na bakteria na kutibika ikiwahiwa. Chaweza pia kuwa cha mdondo, unaoletwa na kirusi. Mdondo huenda kasi: kuku wanakoroma, shingo zinapinda, miguu inapooza, na kundi lisilochanjwa laweza kuisha karibu lote. Kuku akifa, afisa mifugo akimpasua hutazama tumbo lililo juu ya firigisi: madoa ya damu pale huelekeza kwenye mdondo. Ini lililovimba na kugeuka rangi ya shaba huelekeza kwenye homa ya matumbo.

Mdondo hauna dawa. Milipuko yake ya kwanza kutambuliwa ilitokea mwaka 1926, kisiwani Java na mjini Newcastle, Uingereza, na hadi leo hakuna kidonge, shubiri wala pilipili inayokiua kirusi chake ndani ya kuku. Kinachofanya kazi ni kinga. Chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida, na kwa hiyo inafaa kijijini. Ni tone moja kwenye jicho moja, kifaranga na jogoo sawasawa. Haimponyi aliyekwisha kuugua.

Linaloniuma zaidi ni desturi ya kuuza haraka kuku waliobaki mara wenzao wanapoanza kufa. Kirusi husafiri ndani ya tenga hadi Makambako, njia panda ya Songea, Mbeya na Iringa, na kutoka hapo huingia mabanda ya watu wasio na habari.

Ukiona kuku wawili watatu wamekufa kwa mfululizo, usiuze hata mmoja. Choma au fukia mizoga kwa kina, mwite afisa mifugo wa kata, na kundi lijalo lichanje lingali zima, kisha rudia kila baada ya miezi mitatu.