Kabla ya kutembea na mbwa ufuoni mwa ziwa

ZAMANI mbwa wa mjini alikuwa askari tu. Mchana alifungwa, usiku akafunguliwa alinde boma. Siku hizi, katika mitaa ya Kisumu kama Milimani na Tom Mboya, si ajabu kukutana na mtu akitembea na mbwa wake alfajiri kuelekea Dunga au kupanda vilima vya Riat. Ni desturi njema. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa muda usiopungua dakika 150 kila wiki, na mbwa hamruhusu mwenyewe kutoa visingizio.

Hata hivyo, msomaji, matembezi ya siku nzima katika majira ya joto, hasa kati ya Januari na Machi kabla ya mvua za masika, yana hatari zake. Nyingine zaweza kumpata mbwa, nyingine zaweza kukupata wewe, na moja huweza kuwaua nyote wawili.

Joto

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta na hewa yake ni nzito kwa unyevu wa ziwa. Wewe hupoa kwa kutokwa na jasho mwili mzima. Mbwa hana bahati hiyo. Tezi zake za jasho ni chache na ziko hasa kwenye nyayo. Yeye hupoa kwa kuhema, mate yakikauka ulimini na kuondoka na joto. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, mate hayakauki upesi, na joto hubaki mwilini.

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 41, yu hatarini. Utamwona akihema kwa nguvu bila kutulia, ufizi umekuwa mwekundu sana, mate yanachuruzika, anayumba au kutapika. Mpeleke kivulini mara moja, mmwagie maji mwilini, mpepee, na umpe maji kidogo kidogo. Kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana amepata nafuu, kwani madhara ya ndani huchelewa kujitokeza. Mbwa wenye pua bapa, wanene na wazee huzidiwa upesi zaidi.

Kwa hivyo ondoka nyumbani mwendo wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na uwe umerudi au umepumzika kivulini kabla ya saa nne. Beba maji yako na ya mbwa, pamoja na bakuli. Kabla ya kukanyaga lami, weka mgongo wa mkono wako juu yake kwa sekunde tano. Ukishindwa kuvumilia, mbwa pia ataungua nyayo. Usipange kurudi jioni ukiwa kilimani au ufuoni, maana mvua za radi za ziwa aghalabu huanza alasiri.

Maji ya ziwa

Mbwa mwenye joto hukimbilia maji, na mwenyewe humfuata. Hapo ndipo penye kosa. Kando ya Ziwa Viktoria kuna konokono wadogo wanaobeba vimelea vya kichocho cha tumbo. Vimelea hivyo hutoka kwa konokono wakati wa mwanga, hasa jua linapokaribia utosini, na hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu, hata kama hana kidonda. Baada ya miezi au miaka huleta maumivu ya tumbo, kuhara damu na kuharibika kwa ini. Dawa yake, prazikwanteli, hufanya kazi vizuri, lakini haikuzuii kuambukizwa tena.

Usitembee majini, basi, na usioge humo. Ikiwa umeingia kwa bahati mbaya, jipanguse kwa kitambaa kikavu upesi, kisha upimwe baadaye. Mbwa naye afungwe kamba. Gugumaji linaloelea huonekana kama nyasi za nchi kavu, na mbwa akilirukia huzama. Isitoshe, viboko wapo, na mamba pia. Kiboko anayelisha nchi kavu asubuhi mapema akikatiwa njia ya kurudi majini hamsubiri mtu wala mbwa.

Mahali pasipo pa mbwa

Kando ya njia ya kwenda Dunga kuna hifadhi ya swala, Kisumu Impala, iliyotangazwa mwaka 1992. Usifikirie kumwingiza mbwa humo wala katika mbuga nyingine za taifa. Mbwa huweza kuwaambukiza wanyamapori. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia Serengeti na kuua karibu thuluthi moja ya simba wa huko. Njia za umma za Dunga na Riat zinatosha.

Kichaa cha mbwa

Hatari kubwa kuliko zote haitoki kwa jua wala maji. Pale Dunga, mahali samaki wanapopakuliwa, mbwa wasio na mwenyewe hukusanyika kugombania matumbo na mifupa ya mgongo wazi. Mbwa wako akikaribia, watapigana, na wewe utatia mkono kuwatenganisha. Jeraha moja latosha.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Nchini Kenya ulithibitishwa kwanza kwa mbwa karibu na Nairobi mwaka 1912, na mtu wa kwanza kuthibitishwa kuugua, mwaka 1928, alikuwa mwanamke wa eneo la Ziwa Viktoria. Virusi vyake hukaa katika mate. Vikiingia jerahani hufuata mishipa ya fahamu polepole hadi ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa hadi miezi mitatu, na huwa fupi zaidi mtu akiumwa kichwani au usoni, kama watoto wanavyoumwa mara nyingi. Dalili zikishaanza, kama vile kuogopa maji, kuweweseka na kupooza, karibu kila mgonjwa hufa.

Lakini huo mwendo wa polepole ndio unaotupa nafasi. Ukiumwa au kukwaruzwa, fanya haya:

• Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa.

• Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wakazi wengi wa mjini hukimbilia Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi bado huiita Russia. Uliza chanjo ya kichaa cha mbwa, na umalize sindano zote kwa tarehe ulizopewa.

• Ikiwa mbwa anajulikana, asiuawe. Afungwe na kuangaliwa na daktari wa mifugo kwa siku 10. Akibaki mzima, hakuwa na virusi katika mate siku alipokuuma. Hata hivyo, usingoje siku hizo ziishe ndipo uanze chanjo.

Jihadhari pia na mbwa aliyebadilika ghafula: mpole aliyekuwa mkali, mkali aliyelegea, anayebweka kwa sauti ngeni au ambaye taya limeanguka na mate yanamtoka. Usitie mkono kinywani mwake ukidhani amekwamwa na mfupa.

Mbwa wako mwenyewe apate chanjo akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Wataalamu wanasema kwamba asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Maana yake ni kwamba chanjo ya mbwa wako humkinga pia mtoto wa jirani.

Ukirudi nyumbani

Mkague mbwa masikioni, shingoni na katikati ya vidole uone kama ana kupe, kisha jikague mwenyewe. Kupe hushikwa karibu na ngozi kwa kibano na kuvutwa taratibu, bila kuchomwa kwa moto. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kabla hujapanga safari ya Jumamosi ijayo, basi, itafute kadi ya chanjo ya mbwa wako na usome tarehe. Ikiwa mwaka umepita, au kadi yenyewe haipo, matembezi ya kwanza yawe ya kwenda kwa daktari wa mifugo. Dunga na Riat zitakungoja.