Kigeuzi cha Sauti Hakirudishi Kilichokwisha Kupotea

Katika maduka ya elektroniki ya Butembo, mashariki mwa Kongo, kati ya redio, taa za sola na ekuteri zilizopita mpaka wa Kasindi zikitokea Dubai au Guangzhou, unaweza kukuta kisanduku kidogo kisichozidi kidole gumba, kimeandikwa DAC, na chini yake namba: 24/192. Muuzaji atakuambia ukichomeke kwenye telefoni, na gitaa la Franco wa bendi ya OK Jazz litalia kana kwamba yuko sebuleni kwako. Wengi wanatoa pesa. Wachache wanauliza kitu hicho kinafanya kazi gani.

Tuelewane kwanza: hii si ile konvertisa ya kutoa volti 220 kwenye betri. Hiki ni kigeuzi cha sauti. Ndani ya telefoni wimbo ni safu ndefu ya namba tu, na bafle haijui namba. Inataka umeme unaopanda na kushuka ili isukume hewa. Kazi ya kigeuzi ni kutoa umeme huo kwenye namba hizo. Telefoni yenye tundu la ekuteri tayari inacho ndani. Kompyuta inacho. Bafle ya bluetooth nayo ina cha kwake, kwa hiyo anayenunua kisanduku cha nje halafu akasikilizia bluetooth amekipita kigeuzi chake bila kukitumia.

Sasa namba. Sony na Philips walipoleta CD sokoni mwaka 1982, walikuwa wameamua wimbi la sauti lipimwe mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kiandikwe kwa biti 16, yaani kwa ngazi 65,536. Hiyo 24/192 ina maana ya biti 24, ngazi zaidi ya milioni 16, na vipimo 192,000 kwa sekunde. Watu husikia hivyo wakafikiri CD inatoa sauti iliyokatwakatwa, na kwamba vipimo vingi zaidi vinaziba mapengo. Sivyo. Mwanahisabati Claude Shannon alieleza mwaka 1949, akiendeleza hesabu za Harry Nyquist, kwamba wimbi likipimwa zaidi ya mara mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa, linajengwa upya lote bila pengo. Sikio la kijana hufika mitetemo 20,000 kwa sekunde. La mtu wa miaka 50 hushuka chini ya hapo. Vipimo 44,100 vinatosha. Vilivyoongezwa vinabeba sauti ambazo popo angezifurahia.

Biti nazo hazinoi sauti, zinashusha kelele ya chinichini tu. Biti 16 zinatoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya kelele hiyo na sauti kubwa kabisa. Biti 24 zinatoa 144 kwenye karatasi, maana hakuna kigeuzi duniani kinachozifikia kweli. Vilivyo bora kabisa huishia karibu na 130. Na nani Butembo ana sebule yenye kimya cha kustahili hata zile 96, jenereta ya jirani ikiunguruma na mvua ikipiga bati?

Haya yamepimwa kwa masikio ya watu. Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Meyer na Moran, waliwasikilizisha watu rekodi za ubora wa juu, mara zikipita moja kwa moja, mara zikiwa zimeshushwa hadi kiwango cha CD, bila wasikilizaji kujua ni ipi. Katika majaribio 554 walipatia 276, sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 na kupata asilimia 52.3 ya majibu sahihi, na karibu 60 kwa wasikilizaji waliofundishwa. Tofauti inaweza kuwepo, basi, lakini ni ndogo kiasi kwamba mwenye kuitafuta lazima afundishwe kwanza. Usiniamini mimi: mpe rafiki telefoni, asawazishe sauti kabisa, maana inayozidi hata kwa desibeli moja huonekana tamu zaidi, abadilishe faili bila wewe kuona. Ukipatia mara 12 kati ya 16, nunua.

Kinachoharibu muziki kwetu kiko kwingine. Nyimbo nyingi zilizo kwenye karte za kumbukumbu za Kirumba na Beni zilinakiliwa kibandani kutoka kompyuta ya kijana aliyezivuta YouTube, akazigeuza MP3, zikabanwa tena. Kila mgeuzo wa namna hiyo hutupa sehemu ya sauti, na iliyotupwa hairudi. Kahawa iliyooza kabla ya kukaushwa haiokolewi na mkaangaji wa bei ghali. Mbaya zaidi, wapo wanaochukua MP3 ileile, wakaihifadhi kama FLAC, faili lisilopoteza kitu, ya 24/192 na kuiuza kama kitu kipya. Kuna programu ya bure iitwayo Spek inayochora wimbo kwa rangi: ukiona mchoro umekatwa kama kwa kisu karibu na mitetemo 16,000, mara nyingi faili hilo limezaliwa na MP3 ya kilobiti 128, hata kama jina lake linajigamba.

Ukubwa wa faili nao ni pesa. Sebene la dakika 10 katika MP3 ya kilobiti 128 ni kama megabaiti 10. Likiwa la kiwango cha CD bila kubanwa linapita 100 kidogo, na FLAC hulipunguza karibu kwa nusu bila kupoteza hata namba moja. Likiwa 24/192 halijabanwa ni karibu megabaiti 700. Kwa bei ya megabaiti za kwetu, FLAC ya kiwango cha CD ndiyo ninayoipendekeza, na sioni sababu ya kwenda juu zaidi.

Fikiria pia rekodi zenyewe zilipotoka. Studio ya Ngoma ilianza Léopoldville mwaka 1948 na kutoa sahani za mizunguko 78. OK Jazz ikazaliwa 1956. Mkanda wa sumaku wa wakati ule kwa kawaida ulikuwa na nafasi ya desibeli kati ya 60 na 70, sahani chini ya hapo. Ukiweka muziki huo kwenye biti 24, unachohifadhi kwa uangalifu mkubwa ni mchakacho wa mkanda. Lakini je, uzuri umepungua? Colin Turnbull aliwarekodi Wambuti wa msitu wa Ituri, majirani wa Beni, kwa vifaa vya miaka ya 1950. Mwaka 1977 wimbo mmoja wa unyago wa wasichana wa Kimbuti, usiofika dakika moja, uliwekwa kwenye sahani ya dhahabu ya vyombo vya anga vya Voyager, nao uko angani mpaka leo. Sahani hiyo haina biti hata moja.

Halafu kuna umeme, na hapa ndipo ningeweka pesa zangu. Kirumba, Kayna na Kaseghe nyumba nyingi zinaishi kwa paneli na betri. Konvertisa za bei nafuu hazitoi wimbi laini la umeme. Zinatoa wimbi lenye pembe, na pembe hizo huingia kwenye amplifaya kama mlio wa nyuki. Chaja mbovu ya kompyuta hufanya vivyo hivyo, hasa kompyuta na amplifaya zikikutana kwenye waya wa ardhi kupitia njia mbili. Kumjua mkosaji ni rahisi: chomoa chaja, kompyuta ibaki kwenye betri yake. Mlio ukikata, umempata. Amplifaya ndogo ya volti 12 iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri, ikiwa na fyuzi, itakupa usafi ambao kigeuzi cha dola 200 hakitakupa. Chumba nacho kina sehemu yake: tandika mkeka kwenye sakafu ya simenti, toa bafle kwenye kona. Kama tundu la telefoni linakoroma, au halipo kabisa, nunua kile kiwaya cha dola 9 cha Apple au kinachofanana nacho. Ndani yake mna kigeuzi kinachopimika vizuri sana.

Biti 24 zina mahali pake, napo ni kwenye kurekodi. Kwaya ikiimba hakuna ajuaye sauti itapanda hadi wapi. Biti hizo zinakuruhusu kuacha nafasi juu bila kuzamisha sauti ndogo kwenye kelele. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa kwaya za Butembo, Beni na Lubero: rekodini kwa biti 24 na vipimo 48,000, mtunze faili la WAV, MP3 iwe ya kugawa tu. Na wenye kaseti za nyimbo za zamani za Kinande, zihamisheni mwaka huu, wakati bado kuna redio inayozicheza, na nakala mziweke mahali pawili.