Ushindi ni wa Nani? Nafasi ya Timu ya Binafsi ya PH Sport katika Mbio za Rali, 2016–2020

1.0 Utangulizi

Historia ya mbio za magari za rali huandikwa kwa kawaida kwa majina mawili: jina la dereva na jina la kampuni iliyounda gari. Wale wanaolisafirisha gari, kulifungua na kulifunga upya kati ya hatua moja na nyingine hutajwa kwa nadra. Makala haya yanaeleza nafasi ya PH Sport, timu ya binafsi ya Ufaransa iliyoongozwa na Bernard Piallat. Hoja kuu ni kwamba baadhi ya mafanikio yake makubwa yalipatikana wakati viwanda vya Citroën na Peugeot vilipokuwa vimejiondoa mashindanoni, ilhali magari yaliyotumika yalikuwa ya viwanda hivyo hivyo.

2.0 Timu ya Kiwanda na Timu ya Binafsi

Timu ya kiwanda hugharimiwa na kampuni inayounda magari, na shabaha yake ni kuyatangaza magari hayo sokoni. Uamuzi wa kuingia au kutoka mashindanoni hutolewa na wakuu wa kampuni. Timu ya binafsi, kwa upande wake, ni biashara inayojitegemea: huajiri mafundi wake na kujipatia fedha kwa kuwahudumia madereva na wafadhili. Kampuni kubwa yaweza kupumzika msimu mzima isitetereke. Timu ya binafsi ikikosa kazi kwa muda huo, mafundi hutawanyika na ujuzi wao huondoka nao.

3.0 Msimu wa 2016

Mwaka 2016 Citroën haikushiriki kama kiwanda katika Mashindano ya Dunia ya Rali (WRC), kwa kuwa ilikuwa ikiandaa gari jipya, C3 WRC, litakaloendana na kanuni za 2017. Gari lililotangulia, DS3 WRC, lilikabidhiwa PH Sport ili lishiriki katika baadhi tu ya mashindano ya msimu huo. Timu iliingia kwa jina la wafadhili, Abu Dhabi Total World Rally Team, na haikuwania ubingwa wa watengenezaji.

Mwezi Mei, Kris Meeke alishinda nchini Ureno, akiwatangulia Andreas Mikkelsen na Sébastien Ogier waliokuwa wakiendesha magari ya Volkswagen, kampuni iliyotawala mashindano hayo wakati huo. Mwezi Julai alishinda tena nchini Finland, akawa dereva wa kwanza wa Uingereza kufanya hivyo. Mwenzake katika timu, Craig Breen wa Ireland, alimaliza wa tatu.

Ushindi wa Ureno unahitaji kupimwa kwa uangalifu. Kanuni za mwaka huo zilimtaka anayeongoza msimamo wa ubingwa afungue njia siku mbili za mwanzo. Katika barabara za changarawe, gari la kwanza hufagia mawe madogo na kuwaachia wanaofuata njia safi zaidi. Kwa kuwa Meeke alishiriki mashindano machache na kuwa na alama chache, alianza nyuma, na nafasi hiyo ilimsaidia. Hata hivyo, njia safi haiondoi haja ya gari lililoandaliwa vyema.

4.0 Dakar 2019 na Ubingwa wa 2020

Peugeot ilishinda mbio za Dakar mwaka 2016, 2017 na 2018, kisha ikajiondoa. Mwaka 2019, mbio hizo zilipofanyika Peru pekee, PH Sport iliingiza gari la Peugeot 3008 DKR likiendeshwa na Sébastien Loeb pamoja na mwelekezi wake, Daniel Elena. Walishinda hatua nne na kumaliza wa tatu kwa jumla.

Mwishoni mwa mwaka huo, Citroën nayo ilijitoa WRC baada ya Ogier kuamua kuhama. Mwaka uliofuata, Mads Østberg wa Norway alitwaa ubingwa wa madereva wa WRC2, daraja lililo chini ya lile la juu kabisa, akiwa na gari la Citroën C3 R5 chini ya PH Sport.

5.0 Hitimisho

Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa PH Sport methali hiyo ni kweli kwa upande mmoja tu. Timu iliitegemea kampuni kwa gari, na gari likizeeka pasipo jingine kuundwa, karakana haina la kufanya. Kwa upande mwingine, kampuni nayo iliitegemea timu: wakati haikuwapo, magari yake yaliendelea kushindana na kushinda. Kwa hiyo mtafiti anayehesabu ushindi kwa kufuata jina la gari peke yake huuhesabu kwa usahihi, lakini hajaeleza ulivyopatikana. Maelezo hayo yanapatikana pale anapouliza pia gari lilitoka katika karakana ya nani.