Tabia ya Mkondo katika Saketi yenye Koili: Mazingatio kwa Umeme wa Vijijini, Gitega na Muyinga

Makala haya yanaeleza jinsi mkondo wa umeme unavyotenda katika saketi sahili yenye koili, na kwa nini wapangaji wa umeme wa vijijini waizingatie tabia hiyo. Njia ya kilovolti 220 itokayo Rusumo kupitia Muyinga hadi Gitega huiletea Burundi sehemu yake ya megawati 80 za mtambo inaoumiliki pamoja na Rwanda na Tanzania. Katika tarafa kama Bugendana, umeme, uwe wa gridi au wa sola, hauishii kwenye taa. Huingia pia katika mota za mashine za kusaga na katika rilei za pampu, yaani katika koili.

Tuchukue betri ya volti 12, swichi, na koili ya rilei yenye ukinzani wa omu 60 na induktansi ya henri 0.6. Swichi ikiwashwa (tunaliepuka neno "kufunga", ambalo kwa mafundi ni kusimika kifaa), mkondo haufikii ampea 0.2 papo hapo. Kadiri unavyokua, uga sumaku wa koili hubadilika na kuzalisha volteji inayolipinga badiliko lenyewe, kama isemavyo kanuni ya Lenz. Induktansi ikigawanywa kwa ukinzani hutoa kipimo cha muda, ambacho hapa ni milisekunde 10. Muda huo ukipita mara moja, mkondo umefika takriban asilimia 63 ya kilele chake. Ukipita mara tano, umevuka asilimia 99.

Jambo zito liko katika kuzima. Nishati iliyomo katika uga sumaku haitoweki ghafla, hivyo koili huusukuma mkondo uendelee. Ukilazimishwa kushuka hadi sifuri kwa kasi isiyobadilika ndani ya milisekunde 0.1, volteji ya koili hufika 1,200, ilhali betri ni ya volti 12 tu. Cheche huruka swichini, na transista inayoiendesha rilei huweza kuungua.

Kinga yake ni daiodi moja iliyounganishwa sambamba na koili, ikielekezwa kinyume na betri, ili mkondo uzunguke humo hadi nishati iishe. Ni kifaa cha bei ndogo mno kikilinganishwa na kidhibiti cha pampu, ingawa huichelewesha rilei kuachia. Kwa mkondo geu daiodi hiyo haifai. Hutumika kikinza na kapasita zilizounganishwa kwa mfuatano. Masharti ya zabuni yaitaje kinga hiyo kwa jina, pamoja na volteji inayopaswa kustahimiliwa, ili fundi anayepokea shehena aikague kabla ya kutia sahihi.